Baiskeli ya Tanga–Pangani–Saadani: chumvi, mchanga na saa za maji

Baiskeli zinazorudi kwenye karakana yetu baada ya safari ya pwani huwa na ugonjwa mmoja. Fremu nzima, ringi hazijapinda, tairi bado ina meno, lakini cheni imegeuka rangi ya udongo mwekundu wa Lushoto, na ukizungusha pedali kwa mkono inasaga kama kinu. Mwenye baiskeli anaapa hakupita majini. Mara nyingi anasema kweli. Alipita mchanga uliolowa jioni, akalala Ushongo, asubuhi akapanda tena. Usiku ule mmoja ndio ulioiua cheni.

Njia tunayoizungumzia hapa inatoka Tanga mjini, inapita Tongoni na Kigombe hadi Pangani, kilomita 50 hivi. Unavuka mto kwenda Bweni, unashuka Ushongo na Mkwaja, unafika Saadani, kisha Bagamoyo. Yote kwa pamoja ni kama kilomita 250. Ujenzi wa lami na wa daraja la Pangani umekuwa ukiibadilisha barabara kipande kwa kipande, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "njia yote ni vumbi" au "njia yote ni lami", muulize alipita lini. Ila wateja wengi hawaji kwetu kwa sababu ya barabara. Wanataka kuendesha ufukweni, na ufukweni sheria ni nyingine.

Tazama mwezi kabla ya ramani

Mchanga wa kuendeshea baiskeli ni ule uliolowa na kushikana, ambao maji yametoka kuuacha. Wa juu, mkavu, unameza tairi hadi ringi. Kwa hiyo ratiba yako inapangwa na bahari. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake.

Wavuvi wana hesabu ambayo haihitaji simu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Hizo ndizo siku za kupanda baiskeli. Unaingia ufukweni saa mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka, na hadi saa sita na nusu una mchanga mpana na mgumu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Unabaki na ukanda mwembamba wenye mteremko, baiskeli inalala upande mmoja mchana kutwa. Ukiwa na likizo ya juma moja tu na imeangukia maji mafu, pita barabara ya juu, ufukwe uutembee kwa miguu.

Jambo linalowaponza watu ni kudhani maji yanapanda kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ambayo maji hupanda mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza baada ya kupwa, maji hupanda kama sentimita 25 tu, na mtu anajiambia bado ana muda. Saa ya pili sentimita 50. Saa ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Nusu ya bahari yote inaingia katika saa hizo mbili za katikati. Ndiyo maana mtu anapita rasi ya mawe kwa raha, anakaa kupiga picha na kula korosho, na akigeuka njia hakuna.

Penye rasi, ngoja au zunguka

Kingo za mawe ya pwani hii ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Chini yamechimbwa na mawimbi hadi yakawa kama paa lililotokeza, juu yana ncha zinazokata ngozi ya kiatu. Baiskeli haipandi pale, wala mtu hapandi na baiskeli begani. Kanuni tunayowapa wateja ni kuvuka kila rasi maji yakiwa yanatoka, kamwe si yakiwa yanaingia, na kabla ya kuivuka uwe unajua njia ya kutokea upande wa pili: kijia cha wavuvi, shamba la minazi, bandari ya ngalawa. Ukifika penye mawe na mawimbi tayari yanagusa ukuta, rudi hadi kijia cha mwisho ulichokiona. Ukisukuma baiskeli kwenye maji ya magoti, vaa viatu. Urojorojo wa mwani huficha urumba, mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, na jiwe likikukata mguu siku ya kwanza safari inakuwa ya kuchechemea.

Upepo nao una msimu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, nguvu zake ni Mei hadi Septemba. Miezi hiyo anzia Bagamoyo upande kwenda Tanga, upepo ukusukume mgongoni. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, anzia Tanga. Wateja wengi huanzia Tanga mwezi wa Julai kwa sababu basi limewashusha hapo, halafu wanalaumu gia. Masika, mwishoni mwa Machi hadi Mei, hatushauri kabisa: udongo mweusi wa nyuma ya pwani unajaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Milango ya mito

Pangani una kivuko, hapo hakuna shida. Baiskeli isimamishe ubavuni mwa meli, upande usio na magari, na uishike mwenyewe. Taabu iko kwenye vihori vya mikoko ambavyo ramani ya simu huvionyesha kama uzi wa buluu. Maji yakiwa yamekupwa, kihori huonekana ni hatua ishirini za tope. Usiingie. Tope la mikoko linatitia hadi mapajani, na baiskeli yenye mizigo ukiivuta inakuvuta. Zunguka kwa juu, au ngoja maji yajae upate mtumbwi. Bei mpatane mkiwa bado nchi kavu, na ijumuishe mizigo. Mizigo ishushwe, pedali ya upande wa chini ifunguliwe (spana ya namba 15, na kumbuka ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ya kulia), baiskeli ilazwe cheni ikitazama juu. Cheni ikitazama chini inaoga maji ya chumvi yaliyotuama ndani ya mtumbwi.

Mto Wami, kati ya Saadani na Bagamoyo, hauvukwi kwa miguu wala kwa mtumbwi wa kubahatisha. Una viboko na mamba.

Na Saadani ni hifadhi ya taifa, si ufukwe tu. Kuna simba, tembo na nyati, na barabara inapita kwao. Usiingie na baiskeli bila kwanza kuuliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nini kinaruhusiwa na wapi. Kwa wateja wetu tunapanga gari linalopakia baiskeli kabla ya mpaka wa hifadhi na kuzishusha upande wa pili. Wapo wanaoona huko ni kukatisha safari. Sisi tunaona ni sehemu ya safari ambayo unaitazama ukiwa juu ya kiti laini.

Upepo wa tairi, na kwa nini kiraka kinabanduka

Phoenix ya inchi 28 yenye tairi nyembamba ni baiskeli imara sana ya barabara, lakini mchangani inazama. Tunakodisha zenye tairi ya upana wa inchi 2 au zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 na mizigo ya kilo 15, lami tunaweka psi 45 (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu), barabara ya vumbi 35, mchanga uliolowa 20 hadi 22. Usishuke chini ya 18. Chini ya hapo tairi ikigonga jiwe la tumbawe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama jeraha la nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo. Na kosa la pili ni kinyume chake: mtu anatoka mchangani, anaingia barabara yenye kokoto akiwa na psi 20 ileile kwa sababu anaona uvivu kutoa pampu.

Pancha zenyewe zinazibika, ila viraka vya pwani hubanduka kwa sababu zinazojulikana. Osha tyubu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kabisa. Sugua kwa msasa hadi mng'ao wa mpira upotee, eneo kubwa kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Solusheni inatakiwa ikauke hadi ukiigusa pembeni isishike kidole, dakika tano, na kwenye unyevu wa pwani hata nane. Ukibandika ikiwa mbichi, kiraka kinakaa mpaka jua la saa saba. Sababu nyingine ni mikono: mafuta ya nazi au ya kuzuia jua yakigusa sehemu iliyosuguliwa, anza upya. Tairi ikichanika ubavuni, kiraka cha tyubu pekee hakitoshi, kwa sababu tyubu itachungulia kwenye mpasuko na kupasuka. Weka ndani kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, sentimita 5 kwa 4, kingo zake zikiwa zimepunguzwa kwa kisu. Kila mfuko wa vifaa tunaoutoa una vipande viwili, pamoja na tyubu mbili, pampu, vijiko vya tairi, pini ya kuungia cheni na waya mmoja wa gia.

Jioni, kabla ya chai

Sasa turudi kwenye cheni. Chumvi peke yake ni mbaya, mchanga peke yake ni mbaya; vikikutana, chumvi inavuta unyevu usiku kucha na mchanga unakuwa tupa. Dawa yake inahitaji lita nne za maji na robo saa, lakini ni lazima iwe jioni ileile.

Onja maji kwanza. Visima vingi vya vijiji vya ufukweni vina chumvi, na kuosha baiskeli kwa maji hayo ni kuirudishia ulichokuwa unakiondoa. Nunua dumu la maji ya bomba au ya mvua. Mimina taratibu kutoka juu kwenda chini. Usirushe kwa nguvu kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kwenye ekseli ya pedali, maana maji yanasukuma mchanga ndani kwenye gololi. Shika cheni kwa kitambaa, zungusha pedali kinyume mara thelathini. Kausha. Iache ipigwe upepo kidogo, kisha weka oili nyepesi tone moja kwa kila kiungo, zungusha, na ufute yote iliyobaki nje. Oili inafanya kazi ndani ya kiungo. Ile inayong'aa nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu. Ndiyo sababu oili chafu ya gari, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, inaua cheni haraka kuliko kuiacha bila oili yoyote. Mafuta ya kula nayo hugeuka gundi baada ya siku mbili.

Breki za mpira nazo zikague. Chembe ya mchanga ikinasa kwenye mpira inachora ringi kama msumari. Itoe kwa ncha ya kisu, kisha suguasugua mpira kwenye jiwe. Ukisikia mkwaruzo, simama hapohapo. Ringi iliyoliwa ubavuni hadi ikabonyea kama sahani haitengenezeki, inabadilishwa.

Kabla ya safari tuletee baiskeli yako siku tatu mapema. Tunafungua habu na kuweka grisi mpya, tunapaka grisi bomba la siti (la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma huganda kwa chumvi hadi kukatwa kwa msumeno), tunakaza bolti za keria, na tunapima cheni. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 ibadilishe kabla ya kuondoka. Ikifika 308, friwili pia imeshaliwa, na cheni mpya itaruka meno kwenye kilima cha kwanza.

Mizigo tunaipakia kwenye ndoo za rangi za lita 10 zenye mfuniko, moja kila upande wa keria. Hazipendezi kwenye picha, lakini haziingizi maji, mchanga unafutika kwa kitambaa, na ukifika kijijini unageuza moja ukaikalia.

Ukirudi, ilete ndani ya siku mbili hata kama inatembea vizuri. Na tafadhali usiipitishe kwanza kwa vijana wa kuosha magari. Mashine yao inatoa tope lote linaloonekana, na kulisukuma lililobaki ndani ya gololi.