Unafunga nyumba masika? Usiyaache maji yakalala kwenye mabomba

Asalaam alaykum wateja wetu. Machi ikifika katikati simu zetu zinakuwa za aina moja tu, "fundi, wageni wamekwisha, tunafunga mpaka Juni, njoo utufungie maji", na ukimuuliza mtu kufunga maji anakusudia nini atakwambia ile koki ya mita, unaizungusha, unazima pampu, funguo unampa mlinzi, basi. Sie tuko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kazi yetu kubwa ni kufunga na kufungua nyumba za wageni za mwambao huu kuanzia Bwejuu mpaka Makunduchi, na nataka niseme wazi kabisa: ukifunga koki ya mita peke yake hujafunga maji, umeyafungia ndani. Na hayo ya ndani ndio yatakayokutia hasara.

Kilichonifanya niandike ni mteja wetu mmoja ana nyumba Jambiani lakini mwenyewe anaishi Kanada. Kule ana trela la safari, ile nyumba ndogo inayokokotwa na gari, ina sinki, choo, shawa, hita, kila kitu, na kila mwaka kabla ya baridi anaitoa maji yote. Alinitumia voisi ndefu akinieleza, na mie nilivutiwa sana kwa sababu ni kazi ya mfereji kama yetu. Kule baridi ikishuka chini ya nyuzi 0 maji yanaganda, na yakiganda yanavimba kama asilimia 9, bomba halina pa kutanukia, linapasuka, na mwenyewe hajui mpaka barafu iyayuke ndio anaona trela linavuja kila pembe. Kwa hiyo wanamwaga tangi, wanamwaga hita ikishapoa na kuifungia njia yake, halafu ama wanapuliza upepo wa kompresa kwenye mabomba ama wanapitisha dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, si ile ya rejeta ya gari maana ile ni sumu, wanafungua mfereji mmoja mmoja mpaka waone waridi inatoka, na kidogo wanaimimina kwenye matundu ya sinki na shawa. Mwisho akaniuliza, "sasa kaka, na nyumba yangu ya Jambiani mnaifanyia hivyo?"

Barafu hatuna, alhamdulillahi. Usiku wa baridi wa Julai hapa hata koti hulihitaji. Lakini kazi ni ile ile, adui tu ndie mwengine. Adui wetu ni joto, chumvi, chokaa, mbu na upepo wa kusi.

Nianze na joto. Tangi limekaa juani, maji ndani yake ni ya uvuguvugu mchana na usiku, klorini kama ilikuwemo inapotea baada ya siku chache, na maji yamesimama wiki nane, wiki kumi. Kuna bakteria anaitwa Legionella, huyo anapenda maji baina ya nyuzi 25 na 45, yaani joto la tangi letu hasa, na hadhuru mtu kwa kunywewa kama anavyodhuru kwa kuvutwa puani na ule mvuke wa matone madogo ya shawa, anaingia mapafuni, mtu anapata nimonia kali, na mzee au mvutaji sigara anaweza kufa. Sasa fikiri mgeni wa kwanza wa Juni, katoka safarini kachoka, kitu cha kwanza anafungua shawa. Ukitaka kuamini ninachosema, nyumba iliyofungwa miezi mitatu kifungue kichwa cha shawa utie kidole ndani. Utatoka nacho cheusi, ute unateleza kama masizi ya sufuria yaliyolowa, na juu yake magamba meupe ya chokaa maana maji ya pwani hii yanapita kwenye jiwe la matumbawe, ni mazito. Huo ute ndio nyumba ya hao bakteria. Kumwaga maji kwenye tangi bila kuutoa ute ni nusu ya kazi.

Kuhusu tangi lenyewe watu wengi hawaafikiani na mie, nitasema ninavyoona. Tangi lililokaa chini, mwaga lote, sugua, acha likauke. Tangi lililo juu ya mnara, usilimwage ukaliacha hivi hivi. Lita 1000 za maji ni tani nzima, hakuna upepo wa kulisogeza, lakini likiwa tupu watu wawili wanalibeba bila kutoka jasho. Hili nalijua kwa uchungu, maana mwanzo wa kazi zetu tulimwaga tangi la mteja tukalisafisha vizuri, tukafurahi, kamba hatukufunga, na kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa Mei mlinzi akatupigia asubuhi kwamba tangi liko kwenye kiwanja cha jirani chini ya mnazi na bomba la kutokea limekatika shingoni pamoja na kipande cha tangi. Tangi jipya tulinunua sie, na ilikuwa haki tununue. Tangu siku hiyo tangi la juu ama tunalifunga kamba nne za nailoni kwenye mnara, ama kama mnara hauna pa kufungia tunaliacha limejaa, tunafunga koki iliyo chini yake, na tunaandika kabisa kwamba hayo maji si ya kutumia, siku ya kufungua yanamwagwa yote.

Na kifuniko. Yaani naomba sana, kifuniko kikae sawa na bomba la kufurika litiwe wavu. Mbu wa dengi, yule mwenye mabaka meupe miguuni, anataga mayai kwenye ukuta wa tangi pale juu kidogo ya maji, na mayai yake yanavumilia ukavu kwa miezi, siku maji yakipanda tena yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi una mbu wazima. Ndio maana nikasema kusugua, si kumwaga tu. Ndoo, madumu yaliyokatwa, kile kisahani cha chini ya chungu cha maua, vyote pindua.

Hita sasa. Hapa ndipo pesa zinapoungua. Mpangilio wake haubadiliki: zima umeme kwenye braka kwanza, subiri ipoe hata kama una haraka, funga maji yanayoingia, fungua mfereji wa moto ili hewa iingie, ndio utoe maji kwa chini kwenye ile valvu ya usalama. Kuna mafundi wanasema hita iachwe imejaa isipate kutu, na kwa wiki mbili tatu nakubaliana nao, lakini kwa miezi mitatu na maji yetu ya chumvichumvi mie naitoa, maana ndani mna ule ufito wa magnisiamu uliowekwa uliwe na kutu badala ya tangi, na maji ya chumvi yanautafuna haraka, ukikaa kwenye maji yaliyolala ndio unasikia ile harufu ya mayai viza mtu akifungua maji ya moto. Tukiitoa hita tunauangalia na ufito. Ukibaki waya mtupu, unabadilishwa, ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na hita nzima.

Hatari ya hita tupu ni moja, mtu kuiwasha. Ilitokea kwenye nyumba tuliyoifunga sie, dada wa usafi alirudi siku mbili kabla yetu, akatia umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, akanyanyua braka zote kwa mpigo kama anavyofanya siku zote, na hita mbili zikaungua koili kabla hata hatujafika. Dada yule hakukosea kitu, hakuna aliyemwambia, na tulikuwa tumebandika karatasi lakini karatasi ya masika inaanguka yenyewe kwa unyevu. Siku hizi tunazungushia braka ya hita tepu nyekundu na kuandika juu yake kwa kalamu isiyofutika, HITA HAINA MAJI USIWASHE, na tunampigia simu kila mwenye ufunguo.

Pampu haina maneno mengi, toa maji kwenye kizibo chake cha chini, ifunike na mvua lakini isikose hewa, na siku ya kufungua usiiwashe kabla hujaizungusha feni yake ya nyuma kwa mkono, maana hewa ya bahari inaigandisha kwa kutu na ukiilazimisha inanguruma tu mpaka inaungua. Mabomba ya ndani hayahitaji kompresa kama kule Kanada. Fungua mifereji yote kuanzia ya juu, wa mwisho uwe ule wa chini kabisa uani, maji yanateremka yenyewe, flashi vyoo, halafu ifunge tena mifereji yote, usisahau hili, maana siku mtu akifungulia maji na mifereji iko wazi utaogelea sebuleni. Vichwa vya shawa na vile vichujio vya mdomo wa mfereji vitoe uviroweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku mzima, chokaa inaachia.

Sasa kuna mahali pamoja tu ambapo maji hayatakiwi kutoka, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Chini ya kila sinki, kila shawa, kila tundu la sakafuni, bomba limepinda na kwenye ule mpindo kuna maji kidogo, kama sentimita 5 hivi, yamekaa pale kuziba harufu na wadudu wa karo, yaani lile shimo la maji machafu. Nyumba ikifungwa yanakauka yenyewe. Mwaka mmoja tuliitwa nyumba ya Jambiani, wenyewe wana hakika kuna panya kafa darini, wameshavua mbao za dari vyumba viwili. Tulizunguka nusu siku. Nikapiga magoti kwenye choo cha nyuma ambacho hakitumiki, nikamulika tochi ya simu kwenye tundu la sakafu, kavu, vumbi, na mende wawili wamekaa kwenye ukingo wanatikisa mapembe. Tulimimina jagi moja la maji, na jioni harufu imekwisha. Kwa hiyo siku ya kufunga mwagia maji kila tundu halafu juu yake mimina nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, mafuta yanaelea na maji yanachelewa kukauka, na bakuli la choo fanya hivyo hivyo kisha lifunike nailoni.

Karo nalo lina mambo yake. Wengi wanataka linyonywe likauke kabla ya masika, na kwa nyumba iliyo juu hakuna tatizo, lakini kama uko bondeni karibu na ufukwe na karo lako ni la plastiki, usiliache tupu, maji ya chini ya ardhi yakipanda yanalinyanyua kama ngalawa na mabomba yanakatika. Linyonywe halafu lijazwe maji safi. Bomba lake la hewa litie wavu, kwa ajili ya wale mbu wa usiku wanaozaliana kwenye maji machafu. Watu wa Makunduchi wenye umri wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistairini kwenye mashimo ya vyoo, zile nyeupe unazokutana nazo kwenye boksi la TV, zikaelea zikafunika maji na mbu wakapungua sana, ilikuwa ni kupambana na matende na mabusha pamoja na kuwapa watu dawa. Wavu wa dirisha na waya wa kufungia ni rahisi zaidi kuliko hayo yote.

Kufungua kunataka siku mbili, si asubuhi ya mgeni anayeingia mchana. Tangi linasuguliwa, linajazwa, tunatia jiki ya kawaida ya asilimia 3.5 kama lita moja na nusu kwa kila lita 1000, hita bado imefungiwa njia, tunapita kila mfereji mpaka harufu ya klorini ifike, na tunaiacha kuanzia jioni mpaka asubuhi. Usiku huo hakuna kunywa wala kuoga wala kusafishia choo kwa dawa za asidi, jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya kuua. Asubuhi yanamwagwa yote, maji mapya yanaingia, shawa zinafunguliwa bila vichwa na madirisha wazi na mtu anatoka nje ya chumba, hita inajazwa mpaka mfereji wa moto utoe maji bila kukohoa hewa, na hapo ndipo tepu nyekundu inabanduliwa.

Kama unataka tuje, tupigie kabla mvua hazijakaza, nyumba ya vyumba vinne inatuchukua siku nzima na bei tunakwambia tukishaiona. Tuachie ufunguo wa chumba cha pampu na wa kifuniko cha tangi, na tupe namba za simu za kila mtu anayeweza kuingia humo kabla yetu.