Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kusomea maendeleo ya kimataifa

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni busara kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa nchini Uingereza, wakati huu ambapo mradi uliokuwa ukiufanyia kazi umefungwa na wenzako wengi wanazunguka na vyeti kutafuta ajira upya. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hili wanalo vijana wengi waliosoma sosholojia, uchumi au maendeleo ya jamii. Sikukatazi kwenda. Ninachokuomba ni kwamba usitume maombi popote kabla hujaweza kueleza, kwa sentensi mbili au tatu, ni jambo gani la nchi yetu ya Tanzania unalotaka shahada hiyo ikusaidie kulielewa.

Zamani jambo hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Aliyerudi na shahada hii aliingia kwenye shirika, akapewa gari lenye nembo mlangoni na mkataba wa miaka mitatu, na warsha za hotelini zikamwongezea posho ambayo wengine waliihesabu kuwa mshahara wa pili. Njia hiyo imebanwa mno. Uingereza iliiunganisha wizara yake ya misaada na ile ya mambo ya nje mwaka 2020, mwaka uliofuata ikapunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. USAID, shirika la misaada la Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, lilikoma rasmi kuendesha misaada tarehe 1 Julai 2025. Nafasi chache zilizobaki utazigombania na watu wenye uzoefu wa miaka kumi na mitano waliopunguzwa kazi, ambao wengi wao tayari wana shahada hiyohiyo.

Hata hivyo somo lenyewe bado lina thamani kubwa, na ningependa ulijue kwa thamani hiyo. Mwaka 1983 Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa afisa wa utawala nchini Kenya kabla ya kuwa mtafiti wa taasisi ya maendeleo ya Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alieleza jinsi wataalamu wanavyoikosa sura halisi ya umaskini: huenda kijijini wakati wa kiangazi barabara zikipitika, husimama kwenye vijiji vya kando ya lami, huzungumza na viongozi na wanaume, kisha hurudi mjini kabla ya jua kuzama. Wewe umeyaona hayo kwa macho yako. Umekaa kwenye mikutano ya kupanga mipango ya kijiji kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambako wanakijiji hutaja vipaumbele vyao vikaandikwa vizuri kwenye karatasi kubwa za ukutani, na baadaye ukaona bajeti ya halmashauri ikipita bila hata kimoja. Kwa nini ushirikishwaji huishia kwenye karatasi? Je, tatizo ni fedha, ni maelekezo yanayoshuka kutoka juu, au ni kwamba waliosema mkutanoni ni walewale wanaosema siku zote? Au tazama TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ambamo kaya hutajwa kwanza na wanakijiji wenyewe na kisha kupimwa kwa dodoso. Mkutano na dodoso vikipingana, nani anaachwa nje, na jirani zake wanalionaje jambo hilo? Mtu anayeingia darasani na maswali ya aina hii hunufaika na kila anachosoma, kwa kuwa ana mahali pa kukipima. Asiye nayo hurudi na msamiati tu, akatuandikia maandiko ya miradi yanayofanana na ya mwaka juzi.

Kuhusu chuo, usidhani kwamba maendeleo hufikiriwa ughaibuni na hutekelezwa hapa. Taasisi ya Sussex ilianza mwaka 1966 na ile ya The Hague, Uholanzi, mwaka 1952, na zote mbili zinastahili heshima ziliyonayo. Lakini Nairobi ilikuwa na taasisi yake tangu 1965, na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 1973. Ile DS (Development Studies, somo la maendeleo) mliyolazimishwa kuisoma huku mkinung'unika ni tunda la mabishano makali yaliyofuata Azimio la Arusha. Walter Rodney alikuwa akifundisha Mlimani alipochapisha, mwaka 1972, kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na hakuna kozi ya maana ya maendeleo duniani leo inayoweza kukipita kimya. Ukisoma Mlimani utapata msimamizi anayejua kwamba barua ya kibali cha utafiti hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji, na kwamba hatua hiyo yaweza kula wiki nzima. Ukisoma Sussex utakaa meza moja na watu wa Bangladesh, Kolombia na Ghana, nawe utagundua kwamba mambo mengi tunayoyaita matatizo ya Tanzania yana ndugu zake mbali sana. Mimi naiona faida hiyo ya pili kuwa kubwa, ila si kwa gharama yoyote ile.

Na gharama yenyewe ni hii. Ada kwa mwanafunzi wa nje huzidi pauni 20,000 kwa kozi ya mwaka mmoja, na kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka inayolipwa wakati wa kuomba viza. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani kwa kawaida hawaruhusiwi kwenda na wategemezi, kwa hiyo mwanao atabaki kwa bibi yake. Zungumza na mama mapema, usimfikishie habari ukiwa na tiketi mkononi. Bila ufadhili, usiuze kiwanja. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao unao, na humtaka mnufaika arudi kwao kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola nao unawalenga watu wa nchi kama yetu.

Ukipata nafasi, angalau nusu ya masomo ya hiari yawe ya kitu kinachoshikika: takwimu, fedha za umma, tathmini ya sera. Halmashauri, benki na hata Wizara ya Fedha humhitaji mtu anayeweza kusoma bajeti na kusema imeelekea wapi, misaada iwepo au isiwepo.

Nitumie rasimu ya maelezo yako binafsi kabla ya mwisho wa mwezi. Ikianza na habari za kuibadilisha dunia nitairudisha. Nataka nione ndani yake jina la kata moja na jambo moja uliloshindwa kulielewa pale.

Mjomba wako