Barua kwa mwanangu: springi ulizokata na safari ya Mbeya

Mwanangu,

Sisi huku Tanga hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, anakusalimu sana. Nilikupigia mara mbili jana ukawa kazini, na maneno ya kwenye simu kwako yanaingia sikio hili yanatokea lile, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mdogo wako ataipiga picha barua hii na kukutumia WhatsApp. Usije ukasema hukuiona, zile tiki za bluu nami nimeshazijua.

Ile picha ya gari uliyomtumia mama yako nimeikuza mpaka mwisho. Yeye ameona rimu zinang'aa, kawaonyesha majirani wote mpaka wa duka la mkaa. Mimi nimeona kati ya tairi na fenda hapapiti vidole viwili. Altezza haikutoka Japani ikiwa imelala hivyo. Umekata springi. Na usiniambie umenunua springi fupi za dukani, maana hela yake ningeisikia ukiiomba.

Nakuandikia haya kwa sababu ya Crown iliyoletwa hapa gereji wiki mbili zilizopita, imevutwa kutoka njia ya Segera. Mwenyewe ni kijana wa rika lako, anaheshimu wakubwa, bima kubwa kalipia, hana deni la mtu. Mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja saa nne asubuhi, akapiga magoti, akaingiza tochi nyuma ya tairi la mbele, akapiga picha tatu, akajifuta mchanga magotini, akaondoka. Hata chai hakunywa. Baada ya yeye kuondoka nikainama nikatazama alichokiona. Ncha ya springi imekatwa kwa gesi, chuma pale kimeungua rangi ya bluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na haikukaa kwenye kikalio chake. Jumatatu barua imekuja. Hawalipi. Wanasema gari lililopata ajali silo waliloliwekea bima, limebadilishwa bila wao kuambiwa. Yule kijana aliisoma mara ya kwanza, mara ya pili akanipa mimi nimsomee, kama vile mdomoni mwangu ingebadilika.

Sasa wewe unasafiri kwenda Mbeya tarehe 2. Nenda kwa wakala wa bima kabla ya hapo. Usiende kwa simu, nenda na miguu yako, na gari lenyewe akalione.

Najua utasema mbona bima ipo, stika ukiiangalia kwenye mtandao inaonekana hai. Stika haijui springi zako zina urefu gani. Wakati ule tunakata bima, wakala alipiga picha nne, kila upande moja, na ziko kwenye faili lao. Gari likiwa limepondeka mtaroni, mtu wa kwanza kulinganisha atafungua picha hizo. Rimu hazikuwa hizo, urefu haukuwa huo. Wao wanahesabu hivi: rimu na redio kubwa vinaita wezi, injini iliyochokonolewa inaita mwendo, springi iliyokatwa inaita mtaro. Halafu wanatazama nani yuko kwenye usukani, wanakuta kijana wa miaka 23 ambaye leseni yake haijatimiza miaka 2. Soma karatasi yako ukurasa wa pili. Ile asilimia 10 ya hasara unayobeba mwenyewe ni ya kila mtu. Dereva wa umri wako anaongezewa nyingine juu yake. Kwa hiyo tayari hujaanza sawa na mimi, hata ukiendesha kama malaika.

Nimekupigia hesabu ili usije ukasema bei ndiyo iliyokuzuia. Gari tuliliandika la milioni 12. Asilimia 3.5 ni 420,000, weka VAT ya asilimia 18, jumla 495,600, risiti ninayo. Tuseme hayo mapambo yako yamelifikisha milioni 14 na nusu. Nyongeza ni 87,500, na VAT yake inakuwa 103,250. Hiyo ndiyo bei ya kusema kweli. Rimu moja tu uliilipia zaidi ya hapo. Na usipozitaja, siku gari likiibwa hata wakikubali kulipa watalipa Altezza ya milioni 12 yenye rimu zake za kiwandani.

Labda wakala atakwambia injini na springi hawazitaki kabisa. Sawa, bora akukatae ofisini akiwa amekaa.

Ile fomu ya kwanza, penye swali kama gari limebadilishwa chochote tofauti na lilivyotoka kiwandani, pameandikwa "hakuna". Ule mwandiko unaujua. Wakati ule eksozi ulikuwa umeshabadilisha, nilikuwa naisikia kila ukiingia hapa nyumbani, lakini wakala alikuwa na foleni nyuma yetu na adhuhuri imeshaadhiniwa. Mweleze kwamba palikosewa, parekebishwe. Akiuliza nani alijaza, mwambie mzee, na mzee yuko hai, namba yangu anayo.

Mama yako anasema nakukaripia wakati mtoto amepata kazi. Sikukaripii. Pale mtaani nimeshawaambia watu kumi kwamba mwanangu ni fundi umeme wa mitambo na anaitwa Mbeya, wengine nimewaambia mara mbili. Kwa miaka yako mimi nilikuwa nalala chini ya malori ya Bedford ya watu. Lakini akili unayoitumia kwenye nyaya za watu ungeitumia na kwenye gari lako. Umesoma, unajua chuma cha springi kikipigwa gesi kinapoteza nguvu yake. Unajua shokapu ikibaki haina pa kucheza inakufa. Sasa tuta la Chalinze litakufundisha nini usichokijua?

Na mlima wa Kitonga je? Unapanda nyuma ya lori la mzigo, kona inakuja, mbele kuna lingine limekufa katikati ya barabara, pembeni korongo. Gari lililolala chini linagusa lami pale ambapo wenzako wanapita. Mikumi fuata kibao cha mwendo, hata barabara ikiwa tupu, tembo hasomi saa. Yaliyokupata Korogwe siyarudii, unayajua, na ulikuwa na springi nzima.

Nikwambie jambo moja kisha niliache. Kuna Corolla ya zamani, wewe ulikuwa hujaanza shule, mwenyewe alitaka ishuke "inchi mbili tu, fundi". Ilipinduka Maweni. Yule bwana alipona, bima haikumlipa, akaliuza gari kwa kilo. Ulishawahi kuniuliza kwa nini kwenye gereji yangu mtungi wa gesi haukaribii springi ya mtu, nikakujibu gesi ni ghali.

Shangazi yako wa Reading, Uingereza, naye alipiga Ijumaa, nikamweleza. Akacheka kwanza. Mwanaye ana miaka 19, ana kigari kidogo cha lita moja, na bima yake ya mwaka imepita bei ya gari lenyewe. Kampuni imemfungia kisanduku ndani, kinaandika mwendo wake na breki zake, akifunga breki ghafla kinamsemea. Rimu tu ukibadilisha huko unapiga simu kuwaambia. Na ukikamatwa huna bima unapewa alama 6 za makosa, na dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu akifikisha 6 leseni inakwenda, anaanza upya na kibao cha L. Akasema, "Kaka, huyo wako anadekezwa na bei ya huko." Nimeona nikufikishie.

Halafu umemdokezea mdogo wako unataka kuweka injini ya 1JZ. Sitaki kulisikia kabla hujamaliza mwaka mmoja kazini. Injini ina namba, na namba iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini lazima TRA wabadilishe kadi, na bima wajue. Ukinyamaza, siku umegonga mtu, kampuni inaweza kumlipa aliyeumia halafu ikakugeukia wewe uirudishie. Mshahara wa kwanza huo. Nenda kwa wakala, mwanangu. Akikupa karatasi ya marekebisho yenye muhuri, ipige picha unitumie, mimi si mama yako, sitatosheka na "nimeshaenda".

Huku bati za jiko la nje tumezibadilisha tatu, zilizobaki zitasubiri. Mbuzi mweusi kazaa, mmoja kafa. Luku tunayonunua haimalizi wiki tangu mdogo wako aanze kupiga pasi kila shati, sijui anamvalia nani. Ada yake ya muhula nimeilipa nusu. Wewe usiguse hela yako kwa ajili hiyo mpaka bima ikae sawa, lakini mwisho wa mwezi wa saba kumbuka. Mama yako ameshakufungia lile blanketi zito kwa sababu kaambiwa Mbeya mwezi wa sita watu wanaota moto ndani. Nimemwambia uko na sweta. Hakusikia.

Springi nimekupatia, seti nzima, za mtumba lakini hazijaguswa, nimezipima zote nne moja baada ya nyingine. Mpe fundi anayejua, abane vizuri, na akague shokapu za mbele palepale. Mzigo nimeupakia kwenye basi la alfajiri, nimeshaulipia, ukaupokee stendi ya Magufuli hapo Dar kabla ya saa nane. Ni kiroba cha bluu kilichoshonwa kwa kamba ya katani. Machungwa ya Muheza yako juu, blanketi katikati, springi chini kabisa, kwa hiyo usikinyanyue kwa mdomo wa kiroba, kitapasuka.

Baba yako