Bei za zamani za hisa ziwekewe maelezo

Mhariri,

Marehemu mume wangu alikuwa akinakili bei za hisa kutoka gazetini kila Ijumaa, kwenye daftari la shule. Juzi kitinda mimba wetu alilifungua akashtuka: mwaka 2009 bei ya hisa ya benki ya Equity ilishuka kwa mkupuo hadi kama sehemu ya kumi ya ilivyokuwa. Akadhani benki ilianguka. La hasha! Kila hisa moja iligawanywa ikawa kumi. Aliyekuwa na 100 akabaki na 1,000. Baba yake alikuwa ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, "mara 10". Bila alama hiyo safu nzima inapotosha. Gawio nalo, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, halionekani humo.

Naomba mnapochapisha bei za miaka iliyopita, muweke maelezo haya chini ya jedwali.

Mama wa watatu,
Nakuru