Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Umoja wa Waendesha Bodaboda, Kigoma-Ujiji

Ndugu wanachama,

Ya fedha atayasoma mhazini. Ada zinaingia kwa kusuasua kama kawaida yetu, mfuko wa misiba haukukwama, na suala la maegesho ya Mwanga bado liko manispaa.

Muda wangu nautumia kwa jambo moja: vijana wanaozidiwa na unga, yaani heroini, au vidonge vya kulevya. Usiku wa manane tunaoitwa kwanza ni sisi. Na tunachofanya kinajulikana: maji ya baridi, makofi, maziwa mdomoni, kisha mshikaki hadi hospitali ya Maweni, mgonjwa katikati, kichwa kinaning'inia.

Muuguzi aliyetufundisha mwaka huu alieleza kwa nini safari hiyo inaua. Heroini, mofini na tramadoli ni jamii moja ya afyuni. Zikizidi, ubongo unaacha kuhimiza mwili upumue, na mtu anakufa kwa kukosa hewa. Kidevu kikigusa kifua, hata ile pumzi iliyobaki inazibwa. Maziwa nayo yanaweza kuingia mapafuni.

Ukimsugua kifua kwa ngumi haamki, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa mbali au hapumui kabisa: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Mwenzako atafute bajaji au gari. Ndiyo, nasema hivyo mimi mwenye pikipiki. Nauli hiyo waachieni wa bajaji.

Iko dawa ya kumzindua, nalokisoni. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na unga unaweza kuwa bado umo mwilini. Kwa hiyo anayefumbua macho na kusema "niko poa, nirudisheni nyumbani" harudishwi. Kwa aliyelewa gongo haisaidii, ila haimdhuru. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri iwafikie hata wasio wataalamu wanaoweza kukutana na mtu aliyezidiwa. Kamati imemwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa kuuliza kama vijiwe vyetu vinaweza kuhesabiwa humo. Jibu tunalisubiri.

Baadhi yenu mlisema tusijihusishe na mateja, polisi watatuunganisha nao. Hofu hiyo naielewa, wala si ya kubuni. Lakini wapo kati yao tuliopaki nao kijiwe kimoja. Anayetoka gerezani, au aliyeacha kwa miezi kadhaa, ndiye wa kuangaliwa zaidi: mwili umeshapoteza uzoefu, naye anarudia kipimo kilekile cha zamani.

Vijiwe vya Kibirizi na Ujiji havijapata mafunzo. Kila kimoja kimpe katibu majina mawili kabla ya mwisho wa mwezi, na wa zamu ya usiku watangulie.