Mjomba, sikwenda Uingereza kukata michongoma ya watu

Mjomba shikamoo.

Ile siku nimekutumia video WhatsApp nikikata ua wa shamba ukanijibu kwa voisi, "yaani umepanda ndege ukakate michongoma ya watu?", nilicheka mpaka nikakosa jibu. Jibu ndo hili, naliweka hapa wazi maana najua ukoo mzima mnasema hivyohivyo.

Kwanza sio michongoma, ni mti wa miiba wanauita hothoni, ila kazi yake ileile, kuzuia ng'ombe. Huku Leicestershire mashamba yamegawanywa kwa ua wa miti, mwingi ulipandwa karne ya 18 na 19 pale ardhi ya pamoja ilipokatwakatwa ikawa ya watu binafsi (stori hiyo ukiisikia utakasirika, tuiache). Na shida yao ni ya ua wako wa kule kwa jirani, mti ukiachwa unakimbilia juu, chini yanabaki matundu, mbuzi anainama kidogo tu keshaingia. Wewe unaziba kwa matawi makavu, hawa wanalaza.

Kulaza ni hivi. Unashika shina, unalikata mshazari karibu kabisa na ardhi kwa bilihuku, kisu kizito kama panga ila ncha imepinda kama mundu, unakata mpaka unakaribia kulimaliza, unabakiza kiulimi chembamba cha gome na mbao kidogo, halafu unaliinamisha taratibu kuelekea juu ya mteremko. Kile kiulimi ndo kinapitisha maji, mti haufi, na kwenye kisiki yanatoka machipukizi mapya, chini kulekule kwenye matundu. Siku ya kwanza niliua sita mjomba. Sita! Nakata kama nachanja kuni, inalia kaa!, shina limebaki mkononi. Mzee anayetufundisha hakusema kitu, aliyaokota akanibebesha mpaka kwenye moto. Bora angenitukana.

Ukishalaza unapigilia vigingi, kila baada ya mkono mmoja, ule wetu wa kiwiko hadi ncha ya kidole, sentimita 45 hivi, juu unasuka fito za mti wanaouita hazel kama ukingo wa kikapu. Hapo nilitamba, kusuka si nimefundishwa na bibi.

Kila eneo lina mtindo wake. Wa hapa unaitwa Midland, ni wa kuzuia madume ya ng'ombe, matawi ya miiba yanatokezwa upande wa mifugo na vigingi vinakaa upande wa pili. Devon, kule kusini-magharibi mwa England, wao wanalaza juu ya tuta la udongo. Wana mpaka chama cha taifa cha walaza ua tangu 1978 na mashindano, Wasukuma tungeleta na ngoma.

Kazi yenyewe ni ya kipindi cha baridi, vidole vinakufa ganzi, maana kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti sheria hapa England inamzuia mkulima kukata ua, ndege wanataga, ila kulaza kunaruhusiwa mpaka 30 Aprili.

Sasa juzi nimepita pale nilipolaza Januari. Mashina yamechipua yote, hata lile moja nililojua nimeliua, limeshikwa na kiulimi hakizidi upana wa kidole changu, lina majani mpaka ncha.

Desemba nakuja na bilihuku, nitaiweka kwenye begi la mizigo. Sijui mchongoma utakubali au la, ila nipe kipande cha upande wa choo tu, mita tatu, ukifa nitapanda mwingine mwenyewe. Na jirani usimwambie kwanza.