Saa za maji ziandikwe ufuoni

Mhariri,

Nina miaka 19 nikiendesha boti ya kioo, ile yenye sakafu ya kioo ya kutazamia chini ya maji, pale Bamburi, na kila msimu wageni wa bara huniuliza, "Nahodha, boti inatoka saa ngapi?" Nami huwauliza kwanza kama jana usiku waliutazama mwezi.

Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Sasa mtu ameuziwa safari ya saa nne tangu yuko Nairobi. Anafika siku ya bamvua, anakuta boti imelala mchangani. Baadhi ya wenzangu, kwa kuogopa kurudisha pesa, humpeleka hivyo hivyo wakisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, kioo kikikwaruza mwamba, kisha wanamwambia ashuke atembee. Anatembea juu ya matumbawe kwa ndara! Wageni wengi hudhani ni mawe. Ni viumbe hai, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi sana. Haya machache yaliyoota tena tunayavunja wenyewe, ndani ya hifadhi iliyotengwa tangu 1986.

La pili linaniuma zaidi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, vijana huja na mbao za kutelezea mawimbini. Kati ya ufuo na mwamba maji yametulia, kwa hivyo wanayafuata mawimbi kule yanakovunjikia, karibu na mlango, yaani pengo la mwamba linalotokea bahari kuu. Bamvua ikianza kupwa, maji yote ya ndani hutokea mlangoni, na hakuna mkono wa mtu utakaoyashinda. Agosti iliyopita, saa mbili asubuhi, nilimwona kijana amelala kifudifudi juu ya ubao wake, anapiga makasia kwa mikono kuja pwani huku anazidi kwenda nje. Nilipomfikia hakuweza kusema. Alishika upondo wangu kwa mikono miwili na hakuuachia mpaka tulipogusa mchanga, magoti yanamtoka damu. Aliyemkodisha ubao hakumwambia neno lolote kuhusu maji.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Kila penye boti na mbao za kukodi, kuanzia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pawekwe ubao wa saa za maji: yanajaa lini, yanapwa lini, mlango uepukwe saa zipi. Hesabu zenyewe zipo tayari kwenye jedwali la maji la bandari. Na nyinyi wageni, msilipe safari kabla ya kuuliza saa za maji za siku hiyo.

Ubao ukipatikana, chaki nitanunua mimi. Nitaandika kila alfajiri kabla sijang'oa nanga.

Nahodha wa boti ya kioo,
Bamburi, Mombasa